Zamu ya Kumgeuza Ireri

Naftaly aliiandika karatasi ile kwa mkono wake mwenyewe, na pale Kibugu hakuna aliyemshinda mwandiko. Miaka kumi na tisa alikuwa karani wa wazee wa kanisa. Hakuwahi kukosa kikao. Hata siku aliyomzika mkewe, jioni alifika, akafungua kitabu, akaandika tarehe. Mtu wa namna hiyo ukimpa kanuni na kalamu hakuulizi swali. Anauliza tu aanzie mstari gani.

Karatasi yenyewe ilimhusu Ireri, na Ireri alikuwa mwenzake wa rika. Walitahiriwa asubuhi moja, wamesimama ndani ya maji ya mto unaoshuka kutoka mlimani, baridi ikikata kabla kisu hakijakata. Watu wakipita hapo pamoja hawaitani bwana wala mheshimiwa. Wanataniana mpaka kaburini.

Kosa la Ireri lilijulikana na kila mtu. Mkewe wa kanisani, Angeline, alihamia Meru mjini miaka kumi na sita iliyopita, akafungua duka la vitambaa huko Kinoru, akasema baridi ya Kibugu na majani chai amewaachia wenyewe. Hawakuachana mbele ya mtu yeyote. Hakurudi tu. Ireri akakaa peke yake miaka minne, akila nduma baridi asubuhi na nduma baridi jioni, kisha akamleta Lydiah, mwanamke wa Kiirua aliyekutana naye sokoni Embu akiuza viazi. Wazee wakafungua kitabu: mume ambaye mkewe yu hai amemwingiza mwingine nyumbani. Akatengwa na Meza ya Bwana. Aje ibadani, aimbe, atoe sadaka, hakuna atakayemkataza. Lakini mkate ukipita, umpite.

Ukampita miaka kumi na miwili. Na aliyebeba sinia ya mkate katika safu ile ya viti alikuwa Naftaly. Kila baada ya miezi mitatu alifika mbele ya magoti ya rafiki yake, akainua sinia juu kidogo, kama mtu anayevuka shimo, akampa anayefuata. Ibada ikiisha walikutana nje, Ireri akamwambia, "Leo umeruka vizuri, karani. Mwaka ujao utaruka mpaka ng'ombe." Naftaly akacheka. Basi wakaenda zao.

Mwezi wa tatu mwaka huu kiharusi kikamwangusha Ireri katikati ya shamba lake la chai, kikapu mgongoni. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu, mdomo ukapinda. Daktari alisema mengi, lakini neno moja Lydiah alilishika: mtu huyu asilale upande mmoja zaidi ya saa mbili, ama nyama itaoza angali hai. Lydiah hakuwa na saa. Alikuwa na redio ndogo ya betri. Akaiweka dirishani, na kwa kuwa habari husomwa kila saa, kila habari za pili zikianza kusomwa, saa mbili, saa nne, saa sita, popote alipokuwa aliacha jembe akaja kumgeuza. Miezi mitano hivyo, usiku na mchana. Ireri alikonda, ni kweli, lakini ngozi yake ilikuwa nzima kama ya mtoto.

Ndipo Naftaly akaja na habari njema.

"Karani," Ireri akamwambia kwa ule mdomo wake, maneno yakitoka polepole, "umekuja kuniandika ama kunifuta?"

"Nimekuja kukurudisha, wewe kichwa ngumu. Meza iko wiki tano kutoka leo. Wazee wamekubali mchungaji akuletee hapa kitandani."

Ireri akafumba macho. Kitu hicho alikitaka kuliko miguu yake. Hakuwahi kusema, lakini Naftaly alijua, kwa maana kila alipoinua ile sinia aliona mkono wa mwenzake ukifunguka juu ya goti, kisha ukifumba.

"Na?" Ireri akauliza. "Nyinyi wazee hamtoi kitu hivi hivi."

"Na Lydiah arudi kwao kwanza. Unajua kanuni. Hatuwezi kukupa mkate na yeye yuko hapa jikoni."

Wakati huo redio ikaanza habari za saa nne. Lydiah akaingia, mikono ina majivu, akaipangusa kwenye leso. Akapitisha mkono mmoja chini ya mabega ya Ireri, akaweka goti kitandani, akasema "Haya, baba," akampindua mara moja, taratibu, akamwekea mto nyuma ya mgongo na kitambaa kati ya magoti. Kisha akasimama.

"Nimesikia," akasema. "Nyumba hii ni ya mbao."

Naftaly akatazama kofia yake.

"Mzee Naftaly, mimi vitabu sijui. Kama ni roho yake, mimi sitasimama mlangoni nikiizuia. Miaka kumi na miwili nimemwona akirudi kutoka hiyo kanisa siku ya Meza, hali chakula mpaka kesho yake. Mimi ndio nilikuwa napika hicho chakula. Lakini huyu ni mtu wa kugeuzwa. Nani atamgeuza?"

Ireri akafumbua jicho. "Utanigeuza wewe, Naftaly?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema ndiyo. Neno moja, fupi. Lakini Naftaly alikuwa na mifugo yake, na semina ya makarani huko Embu, na kikao cha Alhamisi, na zaidi ya hayo alijisikia mdogo kuahidi jambo kubwa kwa jina lake mwenyewe. Akasema:

"Kanisa litakugeuza."

Ireri akatia kidole gumba cha kushoto kwenye ile karatasi ya kukubali Lydiah aondoke. Wino ulipakaa mpaka kwenye shuka.

Lydiah hakulia. Alifunga nguo zake kwenye kiondo na gunia moja, kisha akamketisha Naftaly, akamfundisha. Habari za pili, geuza. Uji uwe mwepesi na wa vuguvugu, umlishe upande wa kushoto, kidevu kiinamishwe ama utampalia. Akijiendea haja, aoshwe saa hiyo hiyo, akaushwe, asipakwe mafuta ya kupikia. Kisigino kiwe hewani. Naftaly aliandika yote, kwa namba, kwa ule mwandiko. Lydiah akaangalia karatasi akasema, "Imeandikwa vizuri." Akainama kwa Ireri, akamwambia kitu sikioni ambacho Naftaly hakukisikia, akatoka na kiondo chake. Beseni la kumwoshea alilichukua pia. Lilikuwa lake, alikuja nalo kutoka Kiirua.

Jioni ile wazee walifurahi. Mwenyekiti wao, Mzee Nthiga, aliomba maombi marefu juu ya kondoo aliyepatikana. Naftaly akaandika kumbukumbu: mwanamke ameondoka, hatakanyaga tena boma lile, ndugu Ireri amerejea. Akabandika karatasi ya kidole gumba. Na kwa kuwa alikuwa karani mwema, na karani mwema haachi karatasi ikizurura, akabandika na ile ya maagizo ya Lydiah, ukurasa unaotazamana nayo, ili kumbukumbu ikamilike. Akafunga kitabu. Akakitia kabatini, kabati akalifunga kwa ufunguo.

Umoja wa akina mama wakapanga zamu, wawili wawili kila siku. Kiongozi wao, Gacheri, alikuwa mwanamke wa kazi, hakuna anayeweza kumsema kwa uvivu. Walipika, walifagia, walipaka udongo mpya jikoni, wakaleta blanketi mbili nzito. Redio waliikuta dirishani ikicheza nyimbo za mapenzi, wakaizima, wakaitia kwenye sanduku. Nyumba ya mtu anayengoja Meza si ya nyimbo hizo. Badala yake waliimba wao, tenzi, sauti nne, mpaka watu wa chai kule juu wakasimama kusikiliza.

Na kuna hili. Umoja wa akina mama walikuwa na sheria yao, ya zamani, wakiivaa pamoja na kitambaa chao cheupe cha kichwani: dada hamfunui ndugu asiye mume wake. Kwa hiyo kila zamu ilipofika kwenye blanketi, ilisimama hapo. Kazi ya chini ya blanketi waliwaachia wanaume waje jioni. Wanaume walikuja jioni, baada ya majani kupimwa kituoni, wamechoka, nguo zimelowa ukungu. Waliuona mto umenyooshwa na nyumba inang'aa, wakadhani akina mama wamemaliza kila kitu. Waliomba, wakanywa chai, wakaaga. Kila upande ulijua upande mwingine unafanya.

Naftaly alipita mara nyingi. Semina ilimla wiki nzima, lakini akirudi alipita. Alisimama penye miguu ya kitanda, akauliza, "Unaendeleaje, wewe mzee wa kuchoka?"

"Siku ngapi?" Ireri aliuliza kila mara.

"Ishirini na tatu."

"Sawa."

"Siku ngapi?"

"Kumi na nne."

"Sawa."

Hakulalamika. Baadaye Naftaly alikuja kuelewa kwamba Ireri alidhani ndiyo bei. Alidhani mtu akirudishwa, hurudishwa hivyo, na kwamba wote waliokula mkate ule miaka yote walikuwa na maumivu yao ya namna hiyo mahali fulani chini ya nguo.

Jumanne ya wiki ile ya tano, ikiwa imebaki siku tano, Naftaly aliingia mchana akasikia harufu. Mtu aliyefuga anaijua. Aliwaambia akina mama watoke nje, akavuta blanketi.

Sitaandika yote aliyoyaona. Mgongoni chini, penye mfupa, palikuwa na tundu la kuingia ngumi. Kisigino cha kulia kilikuwa cheusi. Shuka lilikuwa ni lile lile lenye alama ya wino.

"Ireri," akasema. "Ireri, kwa nini hukuniambia?"

"Siku ngapi?"

Naftaly akatoka nje akamkuta Gacheri anakoka moto.

"Mama Gacheri, ile karatasi ya kumgeuza hamkuifuata?"

"Karatasi gani, mzee?"

Naftaly akafungua mdomo, kisha akakumbuka kabati, na ufunguo, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake ukigongana na wa zizi la ng'ombe. Akakaa chini palepale kwenye majivu.

Muuguzi wa dispensari akaja, akatazama, akatoa mfululizo wa maneno ya Kiingereza kisha akasema kwa Kiswahili: apelekwe hospitali leo. Ireri akakataa. Akishika kitanda kwa mkono ule mmoja mzima, akakataa. Mchungaji alikuwa na makanisa tisa, na akimkosa nyumbani Jumapili, Meza ingerudi baada ya miezi mitatu, na Ireri alijua hana hiyo miezi. Alitaka mambo mawili tu, Meza na Lydiah, na akaomba lile la pili kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kitu cha dukani bila kuwa na pesa.

Naftaly akamwendea Mzee Nthiga.

"Mzee, yule mama arudi. Hata kama ni siku hizi tano tu. Yeye ndiye anajua kumshika."

Nthiga hakuwa mtu mbaya. Alisikitika, hata macho yalimlowa. "Naftaly, ndugu yangu. Akikanyaga pale leo, Jumapili mchungaji atauliza, nami sitadanganya. Basi huyo mzee atakuwa ameteseka bure mwezi mzima. Unataka ateseke bure? Siku tano. Baada ya Jumapili tutazungumza."

Na Naftaly akakubali. Hilo ndilo lililomkaa baadaye kuliko yote, kuliko hata ile karatasi kabatini. Ile ilikuwa kusahau. Safari hii alikuwa ameshaona tundu lile kwa macho yake, na bado maneno ya Nthiga yakamwingia yakiwa yamenyooka, yana kichwa na miguu, akasema, "Sawa, mwenyekiti."

Jumatano na Alhamisi alimwosha mwenyewe. Mikono yake haikujua. Kila alipomgeuza, Ireri alilia kwa ndani, kama siku ile mtoni, wakati kulia kwa sauti kulikuwa aibu ya ukoo mzima. Alimpigia Lydiah simu mara ishirini, hakushika. Alhamisi jioni homa ikapanda, Ireri akaacha kuuliza siku ngapi. Akawa anauliza kitu kimoja tu: "Habari bado?"

"Habari gani?"

"Za redio."

Ijumaa alfajiri Naftaly akamwachia Gacheri nyumba, akaenda Kiirua.

Alimkuta Lydiah kabla ya saa sita, penye lori kando ya barabara ya Nanyuki, akichagua viazi, vikubwa huku, vidogo kule. Alimwona Naftaly kwa mbali. Hakusimama.

"Simu yako niliona," akasema. "Nikasema, huyu sasa anataka na mimi nitie kidole."

"Lydiah. Mama. Ana vidonda."

Mikono ikasimama.

"Wapi?"

"Mgongoni. Na kisigino."

"Kisigino gani?"

"Cha kulia."

"Nilikuambia kiwe hewani." Hakupiga kelele. "Uliandika. Nilikuona ukiandika. Namba nne."

Lydiah akavua aproni ya gunia, akaingia kibanda kimoja, akatoka na lile beseni, ndani yake vitambaa vimekunjwa na kipande cha sabuni. Kama vile lilikuwa limepangwa siku zote hizo, likingoja.

Mwenye lori alikuwa Mahamed, mtu wa Meru mjini, wa kusafirisha viazi mpaka Embu. Alikuwa amesikia yote akiwa juu ya magunia. "Pandeni," akasema. "Vilivyobaki nitabeba kesho." Walipofika Meru adhana ilikuwa inaita watu kwenye sala ya Ijumaa, na vijana wawili wenye kanzu wakampungia mkono asimame. Mahamed akawapungia pia, akakanyaga mafuta. "Mungu ananijua niko barabarani," alisema, na hakusema neno lingine mpaka Chuka.

Lydiah alikaa na beseni magotini njia nzima. Redio ya lori ilipoanza habari za saa nane aliuliza, "Sasa yuko ubavu gani?" Naftaly akasema kushoto. Hakujua. Alisema tu.

Walifika Kibugu lori likiguna kwenye matope. Kwa mbali Naftaly aliona vitambaa vyeupe, vingi, zaidi ya zamu ya watu wawili, vimejaa uani, na akasikia tenzi kwa sauti nne. Akajua. Lydiah naye akajua, kwa maana alishuka kabla lori halijasimama.

Mzee Nthiga alikuja mpaka langoni. "Ametuacha saa tano," akasema. "Kwa amani. Tulikuwa tunaimba."

"Nataka kumwosha," Lydiah akasema.

"Gari la mochari liko njiani, mama. Wataosha huko."

"Kwa hivyo hamjamwosha."

"Mama, tafadhali. Usituharibie. Ndugu Ireri amekufa akiwa safi."

"Safi?" Lydiah akamtazama, kisha akawatazama akina mama wote nyuma yake, mmoja mmoja. "Nani alimsafisha?"

Gacheri akavua kitambaa chake kichwani, akakishika tu mkononi, kama mtu asiyejua ni cha kazi gani.

"Mfungulie, mwenyekiti," Naftaly akasema.

"Karani, wewe ndiye uliyeandika."

"Mimi ndiye nimeandika. Mfungulie."

Nthiga alikuwa amekuja na kitabu, kwa sababu ya matayarisho ya mazishi, na ufunguo wa pili wa kabati ulikuwa wake. Akakifungua juu ya lango, akamwonyesha. *Hatakanyaga tena boma lile.* Herufi zimesimama wima, hakuna hata moja iliyoyumba. Ukurasa wa kushoto, kidole gumba cha Ireri. Ukurasa wa kulia, namba moja mpaka namba nne, habari za pili, geuza. Kitabu kilipokuwa kimefungwa, karatasi hizo mbili zilikuwa zimelala zimetazamana karibu wiki tano.

"Tukivunja leo," Nthiga akasema kwa upole, "hatazikwa na kanisa. Alilipa gharama yote. Utamnyang'anya sasa?"

Naftaly aliweka mkono kwenye lango. Lilikuwa la mbao, limefungwa kwa kamba tu, hata mbuzi angelisukuma. Wazee watatu wakaja wakasimama nyuma ya Nthiga, hawakumgusa, hawakumtukana. Walikuwa watu aliowajua maisha yake yote. Na Lydiah akasema, "Achana nao, mzee. Wacha wamzike hivyo alivyotaka. Alitaka sana."

Akaenda kando ya barabara, akakaa kwenye nyasi, beseni mbele yake. Naftaly akamfuata akakaa. Ndani wakamwita, "Karani! Karani, tuandike ratiba!" Akasikia wakimwita mara tatu. Hakuenda. Aliketi akijua kwamba kutokwenda kwake hakumsaidii mtu yeyote, na kwamba ratiba itaandikwa na mwingine, kwa mwandiko mbaya kidogo, na mazishi yatakuwa mazuri.

Gari la mochari likaja, likaingia, likatoka. Lilipowapita Lydiah alinyoosha mkono akagusa ubavu wa gari, vidole vikabaki na matope.

"Wamemlaza vipi?" akauliza.

"Sikuona."

Mahamed alikuwa bado hajaondoka. Alikuwa ametandika gunia nyuma ya lori akasali, akamaliza, akarudi kwenye usukani kuwangoja, mlango wazi, redio ikiwa chini. Ikapiga saa kumi. Msomaji akaanza habari.

Lydiah akainuka. Alikuwa ameshapangusa mikono kwenye leso, ameshapiga hatua mbili kuelekea lango. Kisha akasimama. Akakaa tena.